KILIO CHA BREKI: FIZIKIA YA MSUGUANO NA MTETEMO

Mtu yeyote aliyepata kusimama alfajiri kando ya kituo cha daladala anaufahamu mlio huo. Gari linakaribia, dereva anakanyaga breki, na kabla magurudumu hayajasimama hutoka sauti nyembamba, kali, inayochoma masikio. Abiria hukunja nyuso na kila mmoja hutoa hukumu yake. Mmoja husema kwamba breki zimekwisha. Wa pili husema kwamba hilo ni vumbi tu, litatoka lenyewe. Wa tatu, ambaye pengine ni fundi wa kando ya barabara, hupendekeza tone la mafuta.

Katika maoni hayo matatu, la kwanza huenda likawa kweli, na la pili vilevile. La tatu ni la hatari siku zote, nalo limekwisha kugharimu maisha ya watu. Hata hivyo si ajabu kwamba lina wafuasi wengi, kwa kuwa bawaba ya mlango ikilia hutiwa mafuta ikanyamaza. Basi kwa nini breki isitibiwe hivyo hivyo? Jibu la swali hilo limo katika mambo mawili ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa katika somo la fizikia, yaani msuguano na mtetemo. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyokutana ndani ya gurudumu, namna ya kutambua chanzo cha mlio, na njia zilizo sahihi za kuuondoa.

KAZI YA BREKI

Motokaa iliyo katika mwendo ina nishati. Nishati hiyo ya mwendo hupatikana kwa kuzidisha nusu ya tungamo la gari kwa mraba wa mwendo wake. Tuchukue motokaa ndogo yenye tungamo la kilo 1,200, inayokwenda kilometa 80 kwa saa, yaani karibu meta 22.2 kwa sekunde. Nishati yake ni juli 296,000 hivi. Gari linaposimamishwa, nishati hiyo haitoweki, kwa kuwa nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Hugeuka kuwa ya namna nyingine. Breki ni mtambo wa kugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Joto hilo la kusimama mara moja tu lingetosha kupasha karibu lita 0.9 ya maji, kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi yakachemka.

Katika miteremko mirefu kazi huwa kubwa zaidi. Basi lenye tungamo la tani 12 likishuka kwa kimo cha meta 400 hupoteza nishati ya mahali ipatayo juli milioni 47, ambayo ingeweza kuchemsha lita 140 za maji. Madhali mwendo wa basi haupaswi kuongezeka, nishati hiyo yote lazima iende mahali fulani. Hewa huchukua sehemu yake, na injini iliyo katika gia nzito huchukua sehemu kubwa. Inayosalia huziangukia breki. Ndiyo maana madereva wanaoshuka mteremko kama wa Kitonga, mkoani Iringa, hutakiwa kuingia gia nzito mapema badala ya kukanyaga breki tangu kileleni hadi bondeni.

Breki za magari ni za aina mbili kuu. Katika aina ya kwanza, diski ya chuma huzunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili huibana kutoka pande zote mbili. Pedi hizo hushikwa na kalipa, ambayo ni mfano wa koleo linalosukumwa na pistoni kwa nguvu ya mafuta ya breki. Katika aina ya pili, kinachozunguka pamoja na gurudumu ni dramu, yaani ngoma ya chuma iliyo wazi upande mmoja. Ndani yake mna vipande viwili vilivyopinda, ambavyo mafundi huviita shuu. Dereva anapokanyaga breki, shuu hutanuka na kusugua ukuta wa ndani wa dramu. Motokaa nyingi ndogo zina diski mbele na dramu nyuma.

MSUGUANO WA KUSHIKA NA MSUGUANO WA KUTELEZA

Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons aliueleza mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris uhusiano ambao hadi leo hufundishwa shuleni. Kani ya msuguano kati ya nyuso mbili huongezeka kwa uwiano uleule na kani inayozigandamiza nyuso hizo. Uwiano kati ya kani hizo mbili huitwa kizigeu cha msuguano. Katika karne ya 18 Mfaransa mwingine, Charles Augustin Coulomb, aliichunguza habari hiyo kwa undani zaidi. Alitofautisha msuguano wa vitu vilivyotulia na ule wa vitu vinavyoteleza. Kwa kawaida huhitajika kani kubwa zaidi kukiondoa kitu mahali pake kuliko kukiendesha kikiwa kimekwisha kuanza kuteleza. Kila aliyewahi kusukuma kabati lenye nguo juu ya sakafu ya saruji anaijua tofauti hiyo kwa mikono yake.

Tofauti hiyo ndogo ina matokeo makubwa. Tufikiri juu ya zeze la Wagogo. Mpigaji huupitisha uta wake juu ya uzi. Kwanza uta huushika uzi na kuuvuta kando. Uzi unapozidi kuvutwa, kani yake ya kutaka kurudi huongezeka, hadi inaushinda msuguano wa kushika. Hapo uzi huponyoka na kurudi kwa haraka. Kwa kuwa msuguano wa kuteleza ni mdogo, hakuna cha kuuzuia njiani. Mwendo wake unapopungua, uta huushika tena, na mambo huanza upya. Tendo hili la kushika na kuponyoka hurudiwa mara mamia katika kila sekunde, nasi husikia sauti moja isiyokatika. Uta unakwenda upande mmoja kwa mwendo usiobadilika, lakini uzi unakwenda huku na huku. Hivyo ndivyo mwendo wa moja kwa moja unavyoweza kuzaa mtetemo.

Chaki inayolia ubaoni, mlango unaolia katika bawaba, na kiti kinacholia kikiburutwa sakafuni, vyote ni ndugu wa zeze. Breki nayo imo katika ukoo huo.

WATAFITI WALIVYOKIFUATILIA KILIO

Maelezo ya kushika na kuponyoka yalitumiwa mapema kuelezea mlio wa breki. Huko Uingereza, katika uchunguzi wa mwaka 1938, H. R. Mills aliuhusisha mlio na ukweli kwamba kizigeu cha msuguano hupungua kadiri mwendo wa kuteleza unavyozidi. Lakini maelezo hayo hayakutosha. Breki nyingine zililia ingawa kizigeu chake kilikuwa hakibadiliki sana, na nyingine zilikaa kimya ingawa kilibadilika.

Mwaka 1961 mtafiti mwingine wa Uingereza, R. T. Spurr, alitoa wazo jipya. Alisema kwamba umbo na mkao wa vipande vya breki vina sehemu kubwa katika jambo hili. Chaki iliyoshikwa kwa kuinamia upande inakokwenda hujikita ubaoni: kadiri ubao unavyoizuia ndivyo inavyozidi kugandamizwa, na kadiri inavyogandamizwa ndivyo inavyozidi kuzuiwa. Hatimaye kitu fulani hulazimika kupinda, chaki huponyoka, kisha hujikita tena. Pedi inayoigusa diski kwa pembe isiyofaa, au kwa ncha yake tu, hufanya vivyo hivyo, hata kama kizigeu cha msuguano hakibadiliki kamwe.

Mwaka 1972 M. R. North aliliendeleza wazo hilo kwa hesabu. Kila kipande cha breki kina marudio yake ya asili, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo kipande hicho huipendelea kinapogongwa, kama kengele inavyokuwa na sauti yake. Aidha kipande kimoja huweza kutetema kwa namna zaidi ya moja. Huweza kwenda mbele na nyuma, na huweza pia kujipindua kidogo kama mtu anayetikisa kichwa. Msuguano huziunganisha namna hizo mbili. Iwapo marudio yake yanakaribiana, mtetemo mmoja huulisha mwingine, nao wa pili huulisha wa kwanza, na yote miwili hukua. Nishati ya kuilisha haikosekani, kwa kuwa gari zima linaitoa. Ni kama mtoto aliye juu ya bembea ambaye kila anaporudi husukumwa tena kwa wakati ufaao.

Kinachopaza sauti hasa ni diski au dramu, kwa kuwa ina uso mpana wa kuisukuma hewa. Mwaka 1787 Mjerumani Ernst Chladni alichapisha michoro iliyotokea alipomwaga mchanga juu ya mabamba yanayotetema. Mchanga ulikimbia sehemu zinazotikisika, ukajikusanya katika mistari iliyotulia. Tangu miaka ya 1970 watafiti wamechunguza breki zinazolia kwa kutumia mwanga wa leza, nao wameona juu yake mpangilio wa sehemu zinazotikisika na sehemu zilizotulia, unaofanana na ule wa Chladni. Mitikisiko yenyewe ni midogo mno. Upana wake aghalabu ni sehemu chache za elfu za milimeta, pungufu ya unene wa unywele wa binadamu.

Ikiwa mtikisiko ni mdogo kiasi hicho, kwa nini mlio unaumiza? Sababu ni sikio lenyewe. Mlio mkali wa breki kwa kawaida huwa na marudio kati ya hezi 1,000 na hezi 16,000, na hezi moja ni mtetemo mmoja kwa sekunde. Sikio la binadamu huwa jepesi zaidi kusikia kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi. Sehemu kubwa ya kilio cha breki huangukia papo hapo.

KWA NINI MAFUTA SI DAWA

Sasa hoja ya tone la mafuta inaweza kujibiwa. Bawaba haihitaji msuguano wowote. Msuguano ni adui yake, na mafuta humwondoa adui huyo. Breki haina kazi nyingine isipokuwa kusugua. Mafuta huunyamazisha mlio kwa kuuondoa msuguano, na kwa kufanya hivyo huiondoa breki yenyewe.

Hesabu rahisi itaonyesha uzito wa jambo hili. Umbali wa kusimama hupatikana kwa kugawanya mraba wa mwendo kwa mara mbili ya upungufu wa mwendo kwa sekunde. Tuseme kwamba breki nzima huipunguzia motokaa yetu mwendo kwa meta 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Kutoka kilometa 80 kwa saa itasimama baada ya meta 35. Mafuta yakikipunguza kizigeu cha msuguano hadi nusu, na dereva akikanyaga kwa nguvu ileile, motokaa itasimama baada ya meta 70. Mtoto anayevuka barabara meta 50 mbele alikuwa salama jana. Leo, kwa sababu ya tone la kuondoa kelele, hayuko salama tena. Zaidi ya hayo, ikiwa mafuta yamefika katika gurudumu moja tu, gari huvutwa upande mmoja linapofungwa breki, na huweza kumponyoka dereva.

Kutokana na hayo inafaa kukumbuka kanuni mbili. Kwanza, breki inayolia si lazima iwe mbovu. Kizigeu kikubwa cha msuguano huongeza uwezekano wa mlio, hivyo hata breki yenye nguvu huweza kulia. Pili, breki iliyo kimya si lazima iwe nzima. Breki iliyolowa mafuta, au iliyopata joto la kupita kiasi hadi ikapoteza nguvu, huweza kukaa kimya kabisa.

KUUSOMA MLIO

Daktari husikiliza kifua kabla ya kuandika dawa. Hali kadhalika fundi mwema husikiliza breki kabla ya kufungua gurudumu. Maswali ya kwanza ni haya: Mlio husikika lini? Ni mwembamba au mzito? Huanza breki inapokanyagwa, au hata kabla? Hutoka gurudumu lipi?

1. Mlio wa asubuhi, unaokoma baada ya kufunga breki mara chache. Usiku wa unyevu huacha kutu nyepesi juu ya diski, ambayo ni ya chuma cha kusubu. Pedi huikwangua kutu hiyo, na mlio hutoweka. Hapana ugonjwa.

2. Mlio mwembamba usiokatika, unaosikika hata mguu haujakanyaga breki, na ambao pengine hukoma au hubadilika breki inapokanyagwa. Pedi nyingi zina kijichuma cha kuonya, kilichowekwa kwa makusudi ili kiiguse diski wakati unene wa pedi umebaki milimeta chache tu. Mlio huu ni ujumbe wa mtengenezaji kwa dereva: badilisha pedi.

3. Sauti nzito ya kukwaruza, kama jiwe juu ya bati. Pedi imekwisha kabisa, na bamba la chuma linalobeba pedi linaisaga diski. Gari lisiendeshwe tena hadi litengenezwe. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini hapa mvua imekwisha kunyesha.

4. Mlio mkali wakati wa kufunga breki polepole, hasa breki zikiwa na joto, ilhali pedi bado ni nene. Yamkini uso wa pedi umekuwa mgumu na wenye kung'aa kama kioo. Hutokea pedi zilipopata joto kali, kama katika mteremko mrefu, na utomvu unaoshikamanisha viungo vyake ukaharibika. Vilevile huenda pedi zimelegea ndani ya kalipa, au zimefungwa bila mabamba membamba ya kuzuia mtetemo.

5. Mlio unaofuatana na gari kuvutwa upande mmoja, au gurudumu moja kuwa na joto kuliko mengine. Pistoni au vyuma vya kuteleza vya kalipa vimekwama kwa kutu, au kuna mafuta yanayovuja.

6. Mlio kutoka magurudumu ya nyuma yenye dramu. Aghalabu dramu imejaa vumbi, springi za kurudisha shuu zimechoka, au sehemu ambapo shuu hukaa zimekauka na kuliwa na kutu.

TIBA ZIFAAZO

Tiba zote sahihi hufuata mojawapo ya njia tatu: kuondoa kinachochochea mtetemo, kubadilisha marudio ya asili ya vipande ili visilishane, au kuufifisha mtetemo mara unapozaliwa.

Njia ya kwanza ni usafi na ukaguzi. Kalipa hufunguliwa, kutu hukwanguliwa mahali pedi zinapokaa, na vyuma vya kuteleza husafishwa. Vyuma hivyo hupakwa grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida haifai, kwa kuwa hutokana na mafuta ya petroli, nayo huvimbisha na kuiharibu mipira ya breki. Pedi iliyokwisha au iliyonywa mafuta haina dawa ila kubadilishwa, na kabla ya kufunga mpya ni lazima kuziba mahali panapovuja. Pedi hubadilishwa kwa magurudumu yote mawili ya upande wa mbele, au yote mawili ya nyuma, wala si gurudumu moja, ili breki zishike sawasawa kulia na kushoto. Diski iliyochimbika huchongwa upya katika mashine ikiwa unene wake bado hauko chini ya kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, vinginevyo hutupwa.

Njia ya pili ni kubadilisha umbo. Ndiyo sababu pedi nyingi huchongwa kingo zake kwa mshazari, na nyingine hupasuliwa mfereji katikati. Kingo za mshazari huzuia pedi isijikite kwa ncha, kama alivyoeleza Spurr. Mfereji huibadilisha pedi isiwe na ugumu uleule, na kwa hiyo huyabadilisha marudio yake.

Njia ya tatu ni kufifisha. Nyuma ya pedi, upande usiogusa diski, huwekwa bamba jembamba lenye tabaka za chuma na mpira. Mpira unaponyumbuka huigeuza nishati ya mtetemo kuwa joto kidogo, na mtetemo hufa kabla haujakua. Mafundi wengine huyatupa mabamba hayo wakidhani ni ya kujazia nafasi tu, kisha hushangaa kwamba pedi mpya zinalia kuliko za zamani. Grisi ya breki huweza pia kupakwa kidogo nyuma ya bamba la pedi kwa kazi iyo hiyo. Kamwe isifike kwenye uso wa pedi wala diski.

Pedi mpya nazo huhitaji kuzoeshwa. Kwa kilometa za mwanzo, dereva hufunga breki mara kadhaa kwa kiasi, akiziacha zipoe katikati, hadi uso wa pedi na wa diski ukubaliane. Asiyefanya hivyo huweza kuziunguza siku ya kwanza na kuupata ule ugumu wa kioo uliotajwa hapo juu.

ASBESTO: TIBA ILIYOGEUKA SUMU

Historia ya kuzinyamazisha breki ina funzo lake. Mwaka 1902 mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski. Pedi zake zilikuwa za shaba, na chuma kusugua chuma kulileta kelele zisizovumilika. Mwingereza mwingine, Herbert Frood, ambaye mwaka 1897 alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Ferodo, alikuwa akitafuta vitu laini zaidi vya kuvalisha breki. Inasimuliwa kwamba alipata wazo hilo kwa kuwatazama wakulima waliopigilia viatu vikuukuu juu ya magogo ya breki za mikokoteni yao. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 alianza kutumia nyuzi za asbesto, ambazo haziungui, ni imara na ni rahisi. Kwa miaka mingi iliyofuata karibu kila breki duniani ilikuwa na asbesto. Diski zenyewe zilipata sifa mwaka 1953, wakati magari ya Jaguar yaliyofungwa breki za diski yaliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa.

Lakini nyuzi za asbesto zikivutwa pamoja na hewa hukaa mapafuni. Huleta ugonjwa wa mapafu kuwa magumu, saratani ya mapafu, na saratani ya utando unaoyazunguka. Magonjwa hayo aghalabu hujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati mgonjwa amekwisha kusahau alipoyapatia. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 1999, uliamua kwamba matumizi ya asbesto yakome ifikapo mwaka 2005, na nchi nyingine nyingi zimeipiga marufuku.

Hata hivyo magari ya zamani na vipuri visivyojulikana asili yake bado vipo. Kwa hiyo desturi ya kupuliza vumbi la dramu kwa kinywa au kwa kompresa ni lazima ikomeshwe, pamoja na ile ya kusugua pedi kwa msasa pakavu. Vumbi lilowanishwe kwa maji yenye sabuni, lifutwe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho kitiwe katika mfuko na kutupwa. Kijana anayejifunza ufundi gereji akiwa na miaka 16 huweza kuvuna akiwa na miaka 50 kile alichokivuta leo.

MAJARIBIO YA DARASANI

Majaribio yafuatayo hayahitaji maabara.

Jaribio la 1. Funga mpira mwembamba kwenye kipande cha mbao, ukivute polepole juu ya meza. Mpira utarefuka, mbao itaruka, itasimama, kisha itaruka tena. Huku ndiko kushika na kuponyoka. Penye mizani ya springi, pima kani inayohitajika kuanza mwendo na ile ya kuuendeleza, kisha gawanya kila moja kwa uzito wa mbao ili kupata vizigeu viwili vya msuguano.

Jaribio la 2. Lowesha kidole safi, ukizungushe polepole juu ya ukingo wa bilauri nyembamba hadi ilie. Ongeza maji ndani yake. Sauti itakuwa nzito zaidi. Kidole ni kilekile na ukingo ni uleule, lakini kitu kinachotetema kimebadilika. Mlio huchaguliwa na mwili unaotetema.

Jaribio la 3. Tafuta mkao wa chaki ndefu unaoifanya ilie ubaoni. Sasa ibadilishe pembe, kisha ivunje nusu ujaribu tena. Jadilini kwa nini mlio umekoma, mkitumia mawazo ya Spurr na North.

Jaribio la 4. Ning'iniza kifuniko cha sufuria kwa uzi, ukigonge, na mpime kwa saa muda ambao sauti yake inasikika. Bandika juu yake kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kisha ugonge tena. Hiyo ndiyo kazi ya bamba la nyuma ya pedi.

Mwanafunzi aliyefanya majaribio hayo anaweza kusimama mbele ya gari linalolia na kuuliza maswali yanayofaa. Anajua kwamba sauti ni habari, na kwamba habari huchunguzwa kabla ya kunyamazishwa. Pale atakapomwona mtu anayeikaribia breki na kopo la mafuta mkononi, atakuwa na hoja ya kumzuia, na hesabu ya meta 35 na meta 70 ya kumwonyesha.